Damu ya Nyakato, Jibu la Nyangoma

Hapo zamani, na si zamani sana, maana simu zilikuwepo na chuo kikuu kilikuwepo, palikuwa na mama mmoja huko Bukoba ambaye mikono yake ilicheza ngoma isiyosikika na mtu. Akimimina chai, mikono ilicheza, chai ikamwagika. Akimvisha mtoto, mikono ilicheza, vifungo vikamshinda. Waliomcheka walisema amelewa. Waliomwogopa walisema amerogwa. Mwenyewe alisema, "Hata mama yangu alikuwa hivi." Alifariki kabla nywele zake hazijaota mvi.

Mama huyo aliacha mabinti wawili mapacha. Nyangoma alitangulia kuzaliwa, Nyakato akafuata. Nyangoma alitangulia kuota jino, Nyakato akafuata. Nyangoma alitangulia kutembea, Nyakato akafuata. Walifanana kabisa, hata mwalimu alimchapa huyu kwa kosa la yule. Mtihani wa darasa la saba ndio uliowatenganisha. Nyakato alifaulu, akaenda sekondari, kisha akaenda chuo kikuu. Nyangoma hakufaulu, akajifunza kusuka nywele, akafungua saluni. Akaolewa na Mutalemwa, fundi wa pikipiki, wakapata mtoto wa kike, Kemilembe.

Misuko ya Nyangoma ilikuwa myembamba kama uzi, na wateja walimsubiri hata wakakosa pa kukaa. Nyakato akija likizo waliwatania.

"Nyinyi mlipewa kichwa kimoja mkagawana," alisema mteja mmoja. "Huyu kachukua ubongo, huyu kachukua nywele!"

"Na nywele ndizo zilizolipa ada ya ubongo," alijibu Nyangoma. "Kaa vizuri, usinipotezee mstari."

Kemilembe naye, aliyekuwa bado ananyonya, aliwachanganya. Mara nyingi alimng'ang'ania mama yake mdogo, akavuta blauzi yake, akashangaa kukuta hakuna kitu.

Sasa sikilizeni yaliyotokea chuoni.

Nyakato alikuwa anasomea magonjwa ambayo wazazi huwarithisha watoto. Alijifunza kwamba ndani ya mwili wa kila mtu kuna maagizo madogo mno, yanayoitwa vinasaba, na kwamba agizo moja likikosewa, ugonjwa unaweza kuanzia hapo. Alisoma habari za selimundu, akaelewa. Alisoma habari za magonjwa mengine, akaelewa. Siku moja mhadhiri wao, Dokta Asumwisye, mwanamke mpole mwenye miwani, alifika kwenye ugonjwa mwingine.

"Huu huanza mtu akiwa mtu mzima," alisema. "Mikono na miguu huchezacheza bila mwenyewe kutaka. Baadaye akili nayo hupungua. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni kama aliyetia mkono kwenye chungu chenye maharage mawili, jekundu la ugonjwa na jeupe la uzima, akachukua moja bila kuangalia."

Wenzake wakaandika. Nyakato akaacha kuandika. Darasa lilipotoka, alimfuata mhadhiri ofisini.

"Dokta, huyo uliyemweleza ni mama yangu."

Dokta Asumwisye alivuta kiti, akamkalisha. "Pole, mwanangu. Unataka kupimwa?"

"Nataka."

"Una ndugu?"

"Nina pacha."

"Wa kufanana?"

"Hata mtoto wake hatutofautishi."

Dokta akavua miwani, akaishika mkononi. "Basi harage lilitolewa moja, mkala wawili. Nikikupima wewe, nimempima na yeye. Damu ni yako, lakini jibu ni la watu wawili. Nenda nyumbani ukamuulize."

Nyakato akaenda nyumbani, akamkuta Nyangoma na Mutalemwa wanakula ndizi na maharage. Akawaeleza yote. Alipofika kwenye chungu cha maharage mawili, Nyangoma alisukuma sahani pembeni.

"Dawa ipo?" aliuliza.

"Bado, dada."

"Basi unataka kuniletea nini? Mikono hii ndiyo shamba langu. Nikijua, nitaitazama. Na msusi anayetazama mikono yake badala ya nywele, kazi imemshinda. Mimi sitaki kujua."

"Mimi nataka," alisema Nyakato. "Nasoma ugonjwa huu kila siku. Nikifungua kitabu sijui kama nasoma habari za watu wengine au zangu. Nikijikwaa, nauliza ni jiwe au ni ugonjwa. Kikombe kikiniponyoka, siku hiyo silali. Kutokujua kwako ni raha, dada. Kwangu ni jela."

Mutalemwa alimpakata mtoto. Kisha alisema, "Na mimi je? Kemilembe huyu hapa. Tunataka kumpatia mwenzake. Mimi sina damu yenu, lakini watoto wangu wanayo. Mnataka nizae nikiwa nimefumba macho?"

"Kwani ulipokuja kunichumbia macho ulifumbua?" Nyangoma alimwuliza.

"Nilikuona nywele tu."

Wakacheka wote watatu, kisha wakaacha kucheka kwa pamoja.

Nyangoma akamshika pacha wake mkono. "Sikiliza. Mwili wako ni wako. Ukitaka kupima, pima. Lakini jibu lisinifikie. Usiniambie kwa mdomo, usinitumie kwa simu, usinionyeshe hata kwa jicho. Na huyu baba Kemilembe usimwambie, maana atasema akiwa usingizini."

"Naahidi," alisema Nyakato.

Je, wenzangu, Nyangoma alikubali au alikataa? Yeye mwenyewe alidhani amefanya yote mawili.

Nyakato akarudi chuoni. Washauri walimhoji, wakamhoji tena, kama ana hakika. Akasema anayo. Damu ikachukuliwa. Jibu lilipotoka, Dokta Asumwisye alifunga mlango wa ofisi, akamweleza. Aliyoelezwa mimi sikuyasikia, kwa hiyo nanyi hamtayasikia kwangu.

Likizo ilipofika, Nyakato akaja nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipovurugika.

Nyakato akicheka, Nyangoma aliwaza, amecheka, basi ni salama. Kisha akawaza, mbona amecheka sana? Nyakato akinyamaza, Nyangoma aliwaza, amenyamaza, basi ni msiba. Kisha akawaza, si mimi niliyemwambia anyamaze? Nyakato akimbeba Kemilembe, aliwaza, anambeba kwa furaha. Kisha akawaza, au anambeba kwa kumhurumia? Na wazo moja lilimrudia hata akiwa anakoroga uji: kama jibu ni jema, mdogo wangu angewezaje kulificha? Angeruka. Angevunja ahadi na mimi ningemsamehe. Kisha akajijibu mwenyewe: lakini Nyakato tangu utoto havunji ahadi.

Nyakato naye alichanganyikiwa. Alijizuia kucheka, akaona anaonekana mgonjwa. Akajilazimisha kucheka, akaona anaonekana mwongo. Alijikataza kutazama mikono ya dada yake, na kwa kujikataza akajikuta anatazama ukutani kama mtu anayehesabu matofali.

Mutalemwa akamvizia kwenye banda la kuku. "Shemeji, niambie mimi tu. Kichwa tu, tikisa."

"Shemeji, niliahidi."

"Ulimwahidi yeye. Mimi uliniahidi nini? Basi hata kuku mwambie, mimi nitasimama hapa pembeni."

Nyakato alicheka, kisha machozi yakamtoka, akatoka bandani. Mutalemwa akabaki na kuku, hajui kama machozi yale ni ya kicheko au ya jambo lingine.

Asubuhi ya kurudi chuoni, Nyangoma alisema, "Njoo nikusuke. Huwezi kwenda na kichwa hicho." Ndivyo walivyofanya siku zote. Nyakato akakaa kwenye kigoda, Nyangoma akakaa kwenye kiti nyuma yake. Nyangoma aliipenda kazi hiyo siku ile kwa sababu moja: msusi haoni uso.

Akasuka mstari wa kwanza. Akasuka mstari wa pili. Vidole vilikwenda vizuri. Akaanza kuimba polepole. Shingo ya Nyakato, iliyokuwa ngumu, ikalegea.

Mutalemwa akaingia na Kemilembe mikononi, akasimama mbele yao. Nyangoma alikuwa nyuma, hakuuona uso wa pacha wake. Mutalemwa alikuwa mbele, akauona. Nyakato, aliyekuwa amechoka kuulinda uso wake likizo nzima, alikuwa ameuachia kidogo, akidhani hatazamwi.

Mutalemwa akamtazama. Akamtazama tena. Akaketi chini sakafuni na mtoto wake, akaanza kulia.

Wapo wanaolia kwa msiba, na wapo wanaolia kwa kushukuru.

Vidole vya Nyangoma vikasimama katikati ya msuko. "Baba Kemilembe, unalia nini?"

"Nikuambie?"

Nyangoma akazishika nywele za pacha wake kwa mikono miwili.

"Shemeji, mimi sijasema kitu," alisema Nyakato. "Umeona nini usoni kwangu?"

"Nimeona nilichoona."

"Dada, niruhusu nigeuke. Sasa amekwisha kuona, au anadhani ameona. Afadhali ulisikie kwangu kama lilivyo. Jibu hili ni langu, nina haki ya kulitua."

"Usigeuke!"

"Mke wangu, acha ageuke," alisema Mutalemwa. "Mimi siwezi kulala kitanda kimoja na wewe nikiwa najua, na wewe hujui. Huo mzigo sikuuomba."

"Uliuomba. Uliuomba hadi bandani kwa kuku. Ni mimi tu ambaye sikuomba kitu."

Kemilembe akatoka mapajani kwa baba yake, akatambaa hadi kwenye kigoda. Akamtazama huyu, akamtazama yule. Akashika blauzi ya Nyakato, akaiacha. Akashika gauni la Nyangoma, akalia apewe ziwa. Lakini mikono ya mama yake ilikuwa imejaa nywele za pacha wake, na ilikuwa inatetemeka. Kwa ugonjwa au kwa hofu, hakuna aliyejua.

Nyakato hawezi kuinuka, kichwa chake kimeshikwa. Nyangoma hawezi kuachia, akiachia yule atageuka. Mutalemwa hawezi kurudi mlangoni kama mtu ambaye hajaona.

Mmoja damu ilitoka mkononi mwake. Mmoja damu ile ni yake pia, naye alisema hataki. Mmoja hana tone la damu ile, lakini mtoto wake anayo. Mimi nimempa haki huyu, nikamnyang'anya, nikampa yule, na kila nikimnyonyesha mwanangu naanza upya. Ninyi mnaosikia, semeni kabla msuko haujaisha. Je, jibu lile lilikuwa la nani, na Nyakato ageuke au asigeuke?