Digidigi na Pete za Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti chache? Na wakubwa waitikie. Haya, wekeni simu chini. Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, hiyo nimeisikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakivaa pete. Msicheke. Walivaa! Mwenye kidole alivaa kidoleni, mwenye ukwato alivaa kwenye ukwato, mwenye pembe akaivisha pembe yake. Katika nyika moja ya miiba na udongo mwekundu aliishi Digidigi na mkewe, jina lake Mashavu. Digidigi mnamjua? Mnyama mdogo, miguu kama vijiti, pua ndefu inayochezacheza. Digidigi akioa, ameoa. Mume mmoja, mke mmoja, kichaka kimoja, basi.

Mwaka ule mvua ilikataa. Majani yakakauka kau! Digidigi akaugua. Miguu ikalegea, akalala kichakani, hainuki. Mashavu akawa anatoka peke yake, tipu tipu tipu, mpaka kule kwenye mawe, kutafuta majani mabichi. Anayabeba mdomoni, anarudi, anamlisha mumewe. Siku moja alirudi mguu unatoka damu. Chui alikuwa amemfukuza. Hakusimulia. Alisema tu, "Kula, mume wangu. Kula."

Akala. Siku zikaenda. Mvua ikaja, chwaaa! Digidigi akasimama. Akamtazama mkewe alivyokonda. Akalitazama lile kovu la mguuni. Moyo ukamjaa. Akajiambia, "Huyu asante ya mdomo haimtoshi. Nitamtafutia pete."

Akaenda sokoni. Tipu tipu tipu.

Akafika kwa Kakakuona. Kakakuona alikuwa sonara, mzee wa magamba, asiyeinua sauti. Alikuwa ametandika mkeka, na juu ya mkeka pete: zenye vito vyeupe, vyekundu, vya kijani, vya buluu. Jua likivigusa, meta! meta!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu utazame."

"Namtafutia mke wangu. Hii nyeupe ni almasi?"

"Hapana. Inafanana na almasi, ila nimeipika mwenyewe motoni. Na hii nyekundu ungedhani yakuti. Ni kioo. Ile ya kijani ungedhani zumaridi. Kioo vilevile. Nimevikata vizuri, nimevisugua mpaka mikono ikauma, na jiwe halitachomoka. Lakini vyote ni vya kuiga."

"Sasa mtu atajuaje?"

Kakakuona akaingiza kucha chini ya gamba lake, akatoa chembe ya jiwe. "Hii ndiyo almasi yenyewe. Ya marehemu babu, siiuzi. Ipulizie pumzi."

Digidigi akapuliza. Haaa! Ukungu ukatanda kwenye jiwe, papo hapo ukatoweka. Akaipulizia ile pete nyeupe. Haaa! Ukungu ukatanda, ukakaa. Moja, mbili, tatu, nne. Ndipo ukaondoka.

"Umeona? Almasi haishiki ukungu."

"Na kwa pete moja unataka nini?"

"Nionyeshe kichuguu chenye mchwa wanono. Sina zaidi."

Digidigi akasita. Akawaza, "Mke wangu alitoka damu ya kweli. Leo mimi nimpelekee jiwe la kuiga?" Akaona haya. Akaaga, akaondoka.

Hatua chache mbele akasikia kelele. "Almasi! Almasi! Almasi halisi ya mlimani!" Ni Nguchiro huyo, anaruka huku na huku, pete inang'aa mkononi.

"Shemeji! Karibu shemeji! Achana na vioo vya yule mzee. Tazama hii. Hii ndiyo almasi."

"Ni nzuri," Digidigi akasema. "Unataka nini?"

"Kitu kidogo. Kichaka chenu."

"Kichaka? Ndiyo nyumba yetu!"

"Nyika si kubwa? Mtahamia kwingine." Nguchiro akamsogelea, akashusha sauti. "Au mkeo hana thamani ya kichaka?"

Maneno yale yakamchoma Digidigi. Akaanza kuhema. Akilini akaliona kovu la Mashavu. Akaona majani mdomoni mwake. Akafungua kinywa aseme, "Chukua." Lakini kwanza akainama aitazame pete kwa karibu. Na pua ya digidigi ni ndefu, na yeye alikuwa anahema. Haaa! Pumzi ikaligusa jiwe.

Ukungu ukatanda. Ukakaa.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Nguchiro, mbona ukungu hauondoki?"

"Ukungu gani? Ni baridi hiyo!"

"Baridi, saa sita mchana?"

Nguchiro akainyakua pete yake. "Kama hununui, usinichafulie mali! Toka!"

Digidigi akatoka. Neno moja tu, na kichaka kingekwenda. Akakimbia mpaka kwa Kakakuona.

"Mzee, asante. Asante sana."

"Asante ya nini, mwanangu? Hujanunua kitu."

"Umenirudishia nyumba yangu."

Akamweleza yote. Kakakuona akatikisa kichwa, magamba yakalia kacha kacha. "Kamweleze na mkeo," akasema.

Digidigi akaenda nyumbani, akamweleza. Hakuficha. Pua ya Mashavu ikaacha kucheza.

"Ungetoa kichaka? Pale nilipokulaza mwezi mzima?"

"Nilitaka ujue ninavyokushukuru."

"Ungenishukuru tukiwa tumekaa juani?"

Digidigi akainamisha kichwa. "Nisamehe, mke wangu."

Mashavu akamtazama. Akamtazama tena, alivyojikunyata. Kicheko kikamtoka, kwi kwi kwi! "Simama twende. Nitachagua mwenyewe."

Wakaenda wote wawili. Mashavu akajaribu pete nyeupe. "Hii inawaka mno. Chui ataniona nikiwa ng'ambo ya bonde." Akaivua. Akajaribu ya buluu. "Inanibana." Akajaribu nyekundu. Akageuza mguu hivi, akageuza vile.

"Hii ni nini, mzee?"

"Kioo, binti yangu. Kioo kitupu."

"Kizuri. Kina rangi ya udongo wetu ukilowa mvua. Nachukua hii." Halafu akasema, "Na nyingine kama hii. Ya kuvaa kwenye pembe."

Digidigi akashtuka. "Ya nani?"

"Yako. Wewe unadhani ni wewe tu mwenye kushukuru? Kila nilipotoka nilijiuliza, nikirudi nitamkuta? Na kila niliporudi nilikukuta, umenyanyua kichwa, unanisubiri. Ungekata tamaa ningebaki peke yangu. Hukukata. Asante, mume wangu."

Akamvisha kwenye pembe. Digidigi akalia, Mashavu naye akalia. Machozi yakachora mstari mweusi chini ya macho. Wazee wa ngano husema ndiyo ile alama mnayoiona kwa digidigi mpaka leo.

Siku hiyohiyo walimpeleka Kakakuona kwenye vichuguu viwili. Akala mchwa, nyam nyam, akawashukuru. Wao wakamshukuru tena. Na habari ikazagaa sokoni: kila aliyefika kwa Nguchiro aliinama kwanza na kupuliza, haaa! Nguchiro akakusanya vyake akahama.

Watoto, na nyinyi wakubwa, shikeni hili. Kitu cha kuiga hakina aibu kikiuzwa kwa jina lake. Aibu ni ya anayedanganya. Mtu akikwambia ukweli, mshukuru, hata kama hukununua kwake. Na unapotaka kumshukuru umpendaye, usiuze mnamoishi ili ununue cha kung'aa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mimi nimeitua, nyinyi ibebeni.