Ritifaa ya Ng'walu

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana simu za tachi zilikuwepo tayari, hospitali ya Isengwa ilikuwa na tovuti ya kuitia gari la wagonjwa. Unaandika jina, unaandika shida, gari linakuja. Mbele ya tovuti palikuwa na ukuta. Si wa matofali, la. Ni programu iliyosoma kila neno linaloingia, ikawafukuza wezi wa siri za wagonjwa, wanaoficha amri zao ndani ya majina.

Aliyeutungia ukuta sheria ni Tumsifu. Aliona wezi wanapenda kuanza na ritifaa, kale kaalama ka juu kama kipande cha kucha. Akaandika: "Chenye ritifaa, kirudi." Wezi wakakoma, naye akapigiwa makofi.

Aliyesoma kumbukumbu za ukuta ni Nyamizi. Mchana mmoja wa jua kali akaona jina linagonga: Ng'walu. Likarudishwa. Dakika tatu, Ng'walu. Likarudishwa. Dakika tatu tena, Ng'walu. Kengele ya ukuta ikamchosha.

"Mwizi gani huyu hana haya!" akasema, akaizima, akaenda kula. Loo! Yeye, mjukuu wa bibi Ng'wasi, mwenye ritifaa hiyohiyo! Jina lile alilisoma kwa macho tu, hakulitamka.

Huko kijijini Ng'walu alikuwa na uchungu wa uzazi, damu haikatiki, na simu inajibu kila mara, "Alama hairuhusiwi." Akamwambia mumewe, Maduhu, "Baba Limi, itoe hiyo alama. Andika Nwalu tu. Nakufa!"

"Nwalu ndiye nani?" Maduhu akajibu. "Jina la bibi yako nilikate?" Akaandika vilevile, mara kumi na moja. Mwishowe wakambeba kwa machela. Kwenye kuvuka mto simu ikatumbukia, na ng'ambo ya pili Ng'walu akakata roho, na mtoto tumboni.

Baada ya matanga wakakutana hospitalini, kila mmoja na lake.

"Mimi nimewalinda wagonjwa elfu," alisema Tumsifu.

"Mimi niliamini ukuta," alisema Nyamizi, analia.

"Mimi niliandika jina lake la kweli," alisema Maduhu.

Tumsifu akaketi kuirekebisha sheria: ritifaa ndani ya jina ipite, ritifaa yenye amri nyuma yake irudi. Akajaribu ng'ombe, ikapita. Akajaribu maneno ya mwizi, yakarudi. Wakashusha pumzi.

Kengele ikalia. Ng'walu. Safari hii likapita.

Na simu ile iko chini ya mto! Penye shida paliandikwa: "Nani alinifungia mlango?" Dakika tatu, tena. Dakika tatu, tena. Chini yake palikuwa na nafasi ya kujibu, nayo ilitosha jina moja tu. Nyamizi akaweka vidole. Akamtazama Tumsifu, akamtazama Maduhu, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye.

Haya, nyie mnaojifanya mmesinzia, zamu yenu. Je, aandike jina la nani? Semeni upesi, dakika ya tatu hiyo inakwisha.