Mkate Usioonjwa

Sogeeni, sogeeni. Wewe wa mlangoni, ama ingia ama toka, unanizibia upepo. Hadithi yangu ina sharti moja. Nikiita "Ulimi!" nyie mnaitikia "Ndani!", na baada ya hapo mtu hafungui mdomo mpaka nimruhusu. Mwisho nitauliza swali, na asiyekuwa na jibu, vyombo vya leo ni vyake.

Haya. Ulimi!

Sijasikia. Ulimi!

Hapo sawa.

Pangani paliishi watoto watatu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja Mungu alimpa chake. Siwema, mkubwa, miaka kumi na mitatu, alipewa masikio. Akikaa ukumbini alikuwa anajua nani anapita nje kwa mburuzo wa kandambili tu. Tawakali, miaka kumi na mmoja, alipewa pua. Ukimfichia embe kabatini, atakwambia limeiva au bado, na hapo kabati halijafunguliwa. Riziki, kitindamimba, miaka minane, alipewa vidole. Akishika kanga gizani anakwambia hii ya Mama, hii ya Bibi, na hii imefuliwa kwa sabuni ya unga.

Watoto wa ajabu, eti? Lakini jikoni walikuwa hawakanyagi. Siwema ukimwita anakumbuka kazi ya shule. Tawakali anasema yeye mwanamume. Riziki analala palepale alipo, tena anakoroma wa kujifanya. Mama yao alijaribu kuwalazimisha, ikawa kama adhabu, wali ukaungua na watoto wakalia. Akawaacha.

Bibi yao aliitwa Bi Mwanatumu, na Bi Mwanatumu kwa mtaa ule alikuwa ni mkate wa kumimina. Miaka arobaini, kila asubuhi ya Idi, sahani zilitoka kwake kwenda nyumba kumi na moja za jirani, kila sahani na kipande chake cha mkate wa mchele na nazi, laini, mweupe ndani, juu umeiva rangi ya asali. Alifundishwa na mama yake. Yeye hakujaliwa binti, na mke wa mwanawe, Atupele, ndiye mama wa watoto hawa, alitoka Tukuyu kwenye ndizi na maharage. Mwaka wa kwanza wa ndoa Atupele aliujaribu mkate ule, ukatoka mgumu hata kuku wakaukimbia. Bi Mwanatumu akacheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akamwambia, "Wewe mwanangu nikunie nazi tu, hayo mengine niachie."

Basi mwaka ule, kabla ya Ramadhani, bibi akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Upasuaji ukaenda vizuri. Daktari akamfunga jicho bandeji, akamwonya: "Bibi, siku arobaini usisogelee moto wala moshi. Ukisogea, jicho hilo tena basi."

Bibi akahesabu kwa vidole. Idi ilikuwa humohumo ndani ya siku arobaini.

Alilia, jamani. Hakulia kwa ajili ya jicho. "Sahani kumi na moja tupu!" alimwambia mkwewe. "Watu watangoja, Atupele. Na mimi nikiondoka duniani, mkate wa mama yangu unaondoka nami."

Atupele alitaka kusema kitu. Badala yake akaenda kumchemshia chai.

Siku ya kwanza ya Ramadhani bibi akawaita wajukuu. Alikuwa ametandika mkeka uani, mbali na moshi.

"Mnataka mchezo?" akauliza.

"Wa nini?" Tawakali akauliza kwa mashaka, maana harufu ya jikoni alishaisikia.

"Mchezo wa kupika bila ulimi. Mwezi huu tunafunga, haonji mtu. Sasa mpishi asiyeonja anajuaje chakula kimekubali? Anajua kwa pua, kwa sikio na kwa mkono. Nikiita 'Ulimi!', mnasema 'Ndani!', mnafumba midomo. Atakayejua kabla ya wenzake anapata punje ya kunde kwenye kifuu chake. Na atakayeuokoa mkate wa Idi, huyo anaondoka na mbuzi."

"Mbuzi!" Riziki akaruka. "Bibi, mbuzi kweli?"

"Mbuzi kweli. Miguu minne, meno makali, na kelele hakuna."

Ee, nyumba ile ikaingia wazimu. Tawakali akaanza kukata majani kila asubuhi akiyaanika juu ya banda la kuku, na jina akalipata mapema: Waziri. Siwema akatafuta kamba. Riziki akaulizia kama mbuzi anapandwa.

Na jikoni wakawa wanagombania kuingia! Kila alasiri, wakati mama yao yuko kwenye kona yake anakuna nazi, mchezo unaanza. Leo watoto wamefungwa vitambaa machoni, wananusishwa iliki mpya na iliki ya mwaka jana. Kesho wamegeuka ukutani wanasikiliza chungu: maji yameanza kuchemka au bado? Keshokutwa mabakuli mawili ya tui, la kwanza na la pili, na kidole kimoja tu kinaruhusiwa kuzama. Wakikosea wanachekana, wakipatia wanacheza ngoma. Siku Siwema aliposema chungu kimechemka, kumbe ni jirani anasukutua, Bibi alishika bandeji kwa kucheka, na Atupele kule konani akacheka mpaka nazi ikamponyoka mkononi.

Ramadhani ikatimia thelathini. Wakahesabu kunde vifuuni. Zilikuwa sawa kwa watoto wote watatu, kumi na moja kila kifuu.

"Basi mkate wenyewe ndio utaamua," Bibi akasema. "Na kuanzia sasa hata mimi ulimi wangu uko ndani. Sifundishi, sisemi. Mkiharibu, mmeharibu." Akajilaza kwenye mkeka wake, akageukia ukuta.

Alasiri hiyo wakaanza.

Mama yao alivunja nazi tano, akaketi kuzikuna. Alipoinua ya tatu, Tawakali akasimama. "Mama, ngoja. Hiyo inanuka." Siwema akainusa, hakuna kitu. Mama akainusa, nazi kama nazi. "Unataka mbuzi tu wewe," Siwema akamwambia. Tawakali akashikilia uzi uleule: inanuka, inanuka, inanuka. Mama akaikwangua karibu na jicho la nazi, na ndani ya nyama pakatokea doa la manjano. Imeoza! Ingeingia hiyo, tui lote lingenuka na nazi nyingine dukani zilikuwa zimekwisha. Wakaitupa, wakaendelea na nne.

Tui likakamuliwa, la kwanza bakuli moja, la pili bakuli jingine, mabakuli yakafunikwa kwa kawa. Siwema alipokuja na mchele uliorowekwa akachukua bakuli, akaliinamisha juu ya brenda. Riziki akatia kidole, akasugua kwa gumba. "Da Siwema, hili la pili." "La kwanza hilo, nimeliweka mimi." "Halishiki. La kwanza linashika kidole, hili linateleza." Siwema akatia kidole chake, hakujua. Akafunua bakuli jingine, akaweka taa karibu, akalinganisha weupe. Lo! Mtoto kasema kweli. Kwa tui jepesi mkate ungelala chini kama chapati, ukasimulie nini nyumba kumi na moja?

Asubuhi ya Idi hamira ilikuwa imefanya kazi yake, uji wa mchele na tui umeumuka umefika ukingoni. Siwema akapaka sufuria mafuta, akamimina, akafunika, akapalia makaa juu ya mfuniko. Nje takbira, watoto wa jirani wanapiga makelele na mabati, mtu anapiga honi ya pikipiki bila sababu. Katika fujo lote hilo Siwema akainua mkono. "Nyamazeni! Mkate umebadilisha sauti." "Sauti gani?" "Ulikuwa unatokota mzito, sasa unakwaruza. Chini kumekauka!" Juu bado ulikuwa mbichi, mtu yeyote angesema uachwe. Siwema akauvuta moto wote wa chini, akabakisha wa juu peke yake. Walipougeuza baadaye kwenye sinia, chini palikuwa kahawia, na ungeongeza pumzi mbili tu pangekuwa mkaa.

Sahani kumi na moja zikatoka. Ya kwanza, kama miaka yote, ilikwenda kwa Mzee Kondo, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hasemi Idi mubarak kabla hajamega. Akamega. Akatafuna. Akafumba macho. Halafu akavaa viatu, akaja mbio na kanzu yake, na sahani mkononi.

"Mwanatumu!" akafoka toka uani. "Daktari alikwambia nini? Umeingia jikoni wewe! Unataka kupofuka kwa ajili ya matumbo yetu?"

"Wallahi sijaingia."

"Usiape! Huu mkate wako huu! Miaka arobaini naula, nisiujue leo?"

"Kondo, sijaingia jikoni. Ni watoto."

Mzee Kondo akawatazama wale watatu, na uji wao wa mchele puani. Akaketi chini kwenye mkeka. Bi Mwanatumu akajifuta jicho lile zima kwa ncha ya kanga, huku anacheka. "Ulimi nje!" akaita, na watoto wakajitupa kwenye sinia.

Walipokwisha kushiba, Tawakali akakumbuka. Akakimbilia majani yake, akaja na mzigo mzima. "Bibi, na yule mbuzi?"

"Haya, ileteni ile mbuzi."

"Bibi, *yule*."

"Nimesema *ile*," akasema Bibi. "Iko palepale konani, siku zote."

Wakageuka. Konani palikuwa na mbuzi kweli. Miguu minne ya mbao, meno makali ya chuma, na kelele hakuna. Mbuzi ya kukunia nazi, kikalio kimelika kwa kukaliwa na mama, na bibi, na mama wa bibi. Tawakali akatazama mbuzi, akatazama majani. Mzee Kondo alicheka akapaliwa na mkate.

"Mliniuliza, nikawajibu," Bibi akasema. "Alinipa mama yangu siku aliyoona naweza. Mwenye mbuzi hii ndiye mwenye mkate wa nyumba hii. Idi zote zitakazokuja yeye ndiye atakayemimina, na wengine watamsaidia."

Mnadhani walinuna? Tawakali alinuna kidogo, kwa sababu ya Waziri. Kisha akatupa majani. "Mimi ndiye niliyeinusa nazi. Bila mimi mngewapa jirani mkate wa uvundo. Ni yangu."

"Uvundo wangekula na iliki," Siwema akasema. "Mkaa nani angekula? Mimi ndiye niliyeutoa motoni. Ni yangu."

"Mngetoa nini motoni, maji ya tui la pili?" Riziki akasema. "Ni yangu."

Mzee Kondo akajaribu kusuluhisha. "Angekuwa mbuzi wa nyama tungechinja, mafungu matatu, kwisha."

"Ndiyo," akajibu Bi Mwanatumu, "lakini hii ina kikalio kimoja."

Riziki akaenda kuikalia, ili awe wa kwanza. Akakaa, miguu haikufika chini. Akapapasa mbao kwa vidole vyake vile, akakunja uso. "Bibi, hapa pamejichora mtu. Mbona anayeikaliaga ni Mama?"

Atupele alikuwa anakusanya sahani, chicha za nazi za jana bado kwenye kucha zake. "Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa nakuna tu."

"Mama hakuwemo mchezoni," Tawakali akasema haraka.

"Alikuwemo jikoni," Riziki akasema.

Bi Mwanatumu akamega kipande kilichobaki, akakipapasa kwa dole gumba, akampelekea Mzee Kondo. "Wewe mwenye macho. Kuna hata kipunje cheusi cha ganda humo?"

Mzee Kondo akakigeuza mwangani. "Hakuna. Mweupe kama ulivyokuwa wa mama yako."

"Siku thelathini," bibi akasema polepole. "Kila siku nazi, na mkono wake haujafika gandani hata mara moja. Atupele, mbona hukuniambia kama unautaka mkate huu?"

Atupele akatua sahani. "Mama, uliniambia nikune. Nikakuna. Lakini kila ulichokuwa unawaambia hawa, na mimi nilikuwa nakisikia."

Jamani. Bibi akaweka mkono juu ya ile mbuzi. Kisha akasema, "Nipeni mpaka chai ichemke, nitasema ni ya nani." Chai ikachemka, akasema.

Alichosema nakijua, na siwaambii. Bila pua ya Tawakali, mkate ungenuka. Bila vidole vya Riziki, usingesimama. Bila masikio ya Siwema, ungeungua. Na bila yule wa konani, ambaye hakuna aliyempa hata punje moja ya kunde, wangecheza na nini siku thelathini?

Kikalio ni kimoja. Je, wewe ungempa nani? Usinitazame hivyo, na vyombo vinakusubiri.

Haya. Ulimi nje!