Badiliko la Ishirini na Tatu

Ndugu zangu, naomba radhi mapema, maana mfano huu nitauharibu. Ni wa kompyuta, na mimi kompyuta ikiniuliza "una uhakika?" huwa naizima nakwenda kunywa chai. Basi mkiona nimepotea, poteeni pamoja nami kwa heshima, tutakutana kwenye "Amina".

Kulikuwa na fundi mmoja, mtu hodari kwelikweli, aliyetengeneza programu za kompyuta za hospitali. Kazi yake ilikuwa huko chini kabisa ambako hakuna picha wala rangi: sehemu inayofunga siri za wagonjwa, ili asiye na ufunguo aone vurugu tupu. Siku moja akaona sehemu ile inakwenda polepole. Akaiandika upya, mistari kumi na miwili tu, ikawa na mbio. Akajipongeza. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpongeza, akajipongeza tena.

Jumatatu asubuhi kompyuta za wodini zikawashwa. Taa, mlio, kimya! Zikiwashwa tena, zinakufa tena, kabla hata hazijaomba nywila. Manesi wakarudi kwenye madaftari, na wagonjwa wakaanza kuulizwa upya magonjwa yao, kwa sauti, mbele ya watu.

Sasa, mafundi hawa wana utaratibu mzuri. Kila badiliko linaandikwa: nani, lini, nini. Mashine ikigoma, unarudi nyuma. Unaondoa badiliko moja, unawasha. Ikigoma bado, unalirudisha, unaondoa jingine. Wiki iliyotangulia mabadiliko yalikuwa ishirini na matatu. Fundi wetu akapima siku mbili, jasho linamtoka, la huyu, la yule, mpaka la bosi. Ishirini na mawili. Alipofika kwenye lake, akaliruka. Alipime ya nini? Si aliliandika mwenyewe?

Mnacheka? Chekeni polepole.

Mashine bado zilikuwa zinakufa. Akaamua basi lazima ni kazi ya dada mmoja aliyekaa meza ya pili, kwa sababu ndiye aliyegusa sehemu ya kuamsha mashine. Labda, alijiambia, badiliko lake halikuondoka vizuri. Jumatano wakaitwa kikaoni.

"Umepima yote?" bosi akauliza.

"Yote, bosi."

Yule dada akainua macho. "Yote, kaka?"

"Yote, dada. Usichukulie vibaya, ni kazi tu."

Dada akafunga daftari lake. Alikuwa kwenye mkataba wa majaribio, ukasitishwa siku hiyohiyo. Fundi akamwona anakusanya kikombe chake, na kanga aliyokuwa akijifunika kiyoyozi kikizidi, akajifanya anasoma kitu kwenye kioo cha kompyuta.

Alhamisi wakafuta kila kitu alichowahi kukigusa yule dada. Wakawasha. Ikafa.

Limebaki moja. Fundi akaliondoa, akawasha. Mashine ikaamka, ikaomba nywila kwa adabu zote. Kumbe ile mistari yake, kwa kutafuta mbio, ilikuwa inaidai kazi sehemu ya mashine ambayo wakati ule bado haijaamshwa. Sawa na kumdai mwanakwaya sauti ya kwanza angali amelala!

Akampigia simu. "Dada, lilikuwa langu."

"Najua, kaka. Nililiona tangu Jumatatu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa mshtakiwa. Ungesema wewe, ungekuwa mtu aliyekosea tu. Nilikuuliza mbele ya watu wote. Nilikuwa nakungoja."

Fundi akaenda kwa bosi, akasema yote, safari hii yote kweli. Bosi akampigia dada, akamwomba arudi. Dada akajibu, "Nashukuru, lakini siwezi kufanya kazi karibu na mtu ninayemwogopa." Kompyuta zilipona, wodi zikaendelea. Meza ya pili ikabaki tupu, na fundi akawa anaipita kila asubuhi.

Ndugu zangu, na sisi je? Nyumbani amani imetoweka: tumempima mke, tumempima wifi, tumempima jirani na redio yake. Kanisani upendo umepoa: tumewapima wazee wa kanisa, kwaya, hata aliyepanga viti. Halafu tunapiga magoti tunamwambia Mungu, "Nimepima yote." Yote? Kuna mtu ameliona lako tangu Jumatatu, na amekaa kimya kwa upendo, anakungoja useme mwenyewe. Atakungoja mpaka lini? Mpigie leo, angali anangoja.

Mimi nimeshaanza kuyafanyia kazi haya. Jana nilipomaliza kuandaa mahubiri, niliandika majina ya watu wanaopaswa kuyasikia, nihakikishe wanakuja. Majina yakafika kumi na moja. Mke wangu akayasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Na lako?"

Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye ninayehubiri."