Nguo Kumi na Nne za Kitwana Mararu

Hapo zamani, katika mji wa Kitokwe, alitawala Sultani Badi, mtu mwenye mali nyingi na haya kidogo. Alikuwa na kinu kikubwa cha kukamulia mafuta ya ufuta, na ngamia aliyekuwa akikizungusha alipokufa, Sultani akaona kununua mwingine ni kujitia hasara, na watu wamejaa mjini bure. Basi akapiga mbiu kwamba atakayemwangusha Jabali, bingwa wake wa mieleka, mgongo ukagusa mchanga, atapewa akitakacho. Na atakayeangushwa ataingia kinuni, azungushe miaka saba.

Vijana wakajitokeza mmoja mmoja, wakaishia kinuni mmoja mmoja, kwani kila aliyekwenda alidhani wenzake walishindwa kwa udhaifu wao. Wa kumi na nne alikuwa Vuai mpasua mawe, ndugu mdogo wa Kitwana. Kitwana huyu alikuwa fukara ambaye kanzu yake ilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa, ndiyo maana wakamwita Mararu. Watu walimdhania punguani, naye hakuona haja ya kuwasahihisha.

Siku ile Kitwana alisimama mstari wa mbele, akamwona nduguye akimbwaga Jabali kwa kishindo, mgongo mzima mchangani. Vuai akainua mikono kushangilia. Kabla hajaishusha, ngoma ikalia, Jabali akaingia nyuma ya pazia lililokuwa kando ya kiti cha Sultani, akatoka amevaa ngozi ya chui, mwili wote umepakwa mafuta, hashikiki. Vuai akateleza, akasota, akajipaka mchanga viganjani, akambwaga tena. Ngoma ikalia tena. Mara ya tatu Jabali akatoka na bangili za chuma mikononi, na Vuai, ambaye hakupewa hata funda la maji, akaanguka kama gunia.

Vuai akalalamika kwamba amekwisha kumwangusha mtu huyu mara mbili. Sultani, akitafuna tambuu, akajibu:

"Uliyemwangusha kwanza alivaa shuka nyeupe, na wa pili alivaa ngozi. Huyu amevaa chuma. Abadiliye vazi ni mtu mpya, na mweleka huanza upya. Hiyo ndiyo sheria yangu."

Watu wakaguna, wakaenda zao kula. Kitwana hakulia. Mtu akikupiga kwa nguvu zake utamchukia, lakini Sultani huyu alikuwa akipiga kwa hila, akiiita hila sheria, kisha akingoja kupigiwa makofi. Kitwana aliona hata chuki ni heshima asiyostahili kupewa, akamdharau tu, na dharau ile ikamtuliza.

Basi akazunguka nyumba zote kumi na nne zilizopoteza vijana, na katika kila nyumba akaazima vazi la aliyechukuliwa. Mama mmoja akamuuliza kama anataka kufungua duka. Kitwana akamwambia anataka kumrudishia mwanawe, na mama yule akamtolea vazi, ingawa hakumwamini hata kidogo.

Ijumaa baada ya sala akaiacha kanzu yake nyumbani, akaingia uwanjani amevimba kama mto wa sufi, jasho linamtoka, hatua zake fupi. Alijua vema kwamba akianguka na vazi la mwisho, ndugu wote wawili watazeekea kinuni, na nyumba yao itafungwa mlango. Sultani akacheka hata tambuu likamponyoka, akamuuliza ana maradhi gani.

"Nimevaa nguo kumi na nne, Maulana," akasema Kitwana, kwa sauti ya kufika nyuma kabisa. "Nasema mapema, asije mtu akadai hakuambiwa. Nami nauliza: ile sheria ya mavazi ni ya Jabali peke yake, au ya kila aingiaye uwanjani?"

Sultani akawatazama watu, akaona si vizuri kuonekana mdogo mbele ya punguani. Akanena, "Sheria yangu haibagui."

Ngoma ikapigwa. Jabali akamwinua Kitwana, akamtupa chini mara moja, wala halikuwa jambo la kusimulia. Askari wakaja kumchukua. Kitwana akavua kanzu ya juu, akaikunja vizuri, akaiweka kando, akasimama na kanzu ya pili. Akawaambia askari kwamba aliyeanguka ni yule mwenye kanzu ya juu, wakamtafute. Askari wakamtazama Sultani, na Sultani akatazama pembeni, maana maneno yalikuwa yake.

Ikawa Jabali anatupa, na Kitwana anavua. Jua likawaka. Kanzu ya nane ilipovuliwa Jabali alikuwa akihema mdomo wazi, na alipojaribu kumwinua tena, akaanguka chali na Kitwana juu yake. Akaenda nyuma ya pazia, akatoka amepakwa mafuta. Kitwana akamkumbatia kama jamaa aliyetoka safari. Akatupwa mara tatu, na kila vazi alilovua lilikuwa limenyonya mafuta, hata Jabali akakauka, akashikika, akaangushwa. Mara ya tatu akatoka na bangili zake za chuma, akamtupa Kitwana mara moja tu, kisha uzito wa chuma ukamshinda. Akaketi mchangani, akalala chali mwenyewe, na nyuma ya pazia hapakuwa na vazi la nne.

"Hii si haki," akasema Jabali, karibu kulia. "Nimemwangusha mara kumi na mbili, na kila nikidhani nimemaliza, anaanza upya."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, kwani malalamiko kama hayo waliyasikia kwa vijana kumi na wanne. Sultani akafoka kwamba Kitwana amewashtukiza.

"Sikumshtukiza mtu, Maulana. Mshtuko wangu niliuvaa mchana kweupe, nikaitaja hesabu yake, nawe ukacheka. Mshtuko wako uliuficha nyuma ya pazia."

Sultani akasimama, uso umemwiva. Akatangaza kwamba mweleka haujaisha: bado yeye mwenyewe, naye ndiye wa mwisho. Akaanza kushuka ngazi.

"Marahaba," akasema Kitwana. "Lakini kabla hujafika, waambie watu umevaa nguo ngapi."

Sultani akajitazama. Alikuwa na joho na kanzu. Kitwana naye alibakiwa na mbili, akamweleza kwa adabu kwamba wako sawasawa, na kwamba mwenye kuanguka mara mbili atabaki alivyozaliwa, na leo ni Ijumaa, mji mzima uko hapa. Hapakuwa na aliyecheka kwa sauti, walikuwa wakingoja. Sultani akalikaza joho lake kifuani, akarudi kitini, akamuuliza Kitwana atakacho, na aliposikia ni vijana wa kinuni, akaagiza kinu kifunguliwe.

Wakatoka vijana kumi na wanne. Vuai akaja kumwelekea kaka yake, lakini miguu, kama bado imo kinuni, ikampeleka kushoto, akazunguka, akaanza tena, ikampeleka kushoto. Kitwana akaenda akamshika mkono, akamnyoosha njia ya nyumbani. Watu wakaacha kutabasamu, wakageuka wote kumtazama Sultani Badi, naye hakupata pazia la kujifichia.