Magome Madogo ya Kanga

Mmenifuata mpaka jikoni mikono mitupu, hata ukuni mmoja hamkuleta, eti mnataka ngano. Haya, kaeni. Nawe mkubwa acha kutafuna, utaitikia kama watoto. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama walikaa pamoja katika shimo moja. Kila mwaka kabla ya masika, Mhanga mwenye shimo alichora maagizo kwenye gome la mti: milango mingapi, mfereji upande gani. Nungunungu akisoma, Fuko akichimba. Fuko haulizi. Akisomewa, anachimba.

Kanga alikuwa na mayai kumi na moja chumba cha chini kabisa. Usingizi ukamkataa: maagizo yakisomwa vibaya, maji yataanzia kwake. Akachora magome madogo ya kumjaribu Nungunungu, kila gome jambo moja, na jibu lake akalitaja mapema mbele ya wote.

"Kaka Nungunungu, hapa pana milango mitatu. Useme mitatu."

"Mitatu."

"Vyema. Hapa upande wa mfereji haukuandikwa. Useme: haukuandikwa, gome lirudi kwa Mhanga."

Nungunungu akacheka, miiba chakacha-chakacha. "Weye Kanga! Kutaga hujamaliza, ushaanza kunifundisha kusoma?"

Akajichorea gome moja kubwa, akachanganya kila kitu, akajisomea pembeni. "Nimefaulu!"

"Umefaulu nini?" Kanga akamuuliza.

"Yote!"

Yote yapi? Hata yeye hajui.

Siku ya kuchimba ikafika. Kumbe mchwa wamelila gome la Mhanga, palepale penye upande wa mfereji. Nungunungu akatazama. Tundu! Akaona haya kusema. "Kushoto!" akatangaza. Fuko akachimba, akachimba, akachimba. Na kushoto ndiko maji yanakotelemkia kutoka mlimani.

Mvua ikaja, pwaa! Maji yakashika mfereji, gubu-gubu-gubu, mpaka kwa Kanga.

"Mayai yangu! Fuko, sukuma!"

Kanga anavuta, Fuko anasukuma, biri-biri-biri. Yakatoka yote kumi na moja, yamelowa lakini mazima.

Basi sikieni. Anayewasomea wenzake maagizo ajaribiwe kwanza, jambo mojamoja, jibu likijulikana kabla. Na pasipoandikwa kitu aseme hapana kitu, asibuni.

Hadithi yangu ingeishia hapo, ila najua mtauliza Nungunungu alilipa nini. Alichimba mfereji mpya upande wa kulia, peke yake, kwa kucha zake, siku saba mvuani, na Kanga ametulia na mayai yake juu ya kitanda cha Nungunungu, kikavu, akimwambia, "Chimba, kaka, bado kidogo."