Fisi Aliyejipaka Nta

Nikiuliza "Imelowa?", nyinyi jibuni "Imekauka!" Haya.

Imelowa?

Imekauka!

Wewe wa nyuma umenyamaza, nimekuona. Tuendelee.

Hapo zamani za kale mvua ilinyesha mpaka vyura wakalalamika. Nyegere, mrina asali, akayeyusha nta ya masega matupu, akachanganya na mafuta ya nyonyo, akapaka kikapu chake. Maji yakagusa kikapu, yakateleza, yakaenda zao.

Bei yake ilikuwa rahisi. Ukitaka kopo moja la nta hiyo, unamkuna Nyegere mgongo. Basi.

Fisi akaja, akamkuna, akapaka paa lake la nyasi. Halikuvuja. Akaja tena, akamkuna, akapaka mkeka. Haukulowa. Akaja mara ya tatu.

"Leo unapaka nini, bwana?"

"Najipaka mwenyewe. Kesho Bi Kiboko anamwoza binti yake. Sijala tangu mvua ianze, na sitaki kufika nimelowa."

"Viganja viache, ndugu yangu."

"Una wivu wewe," Fisi akasema. Akajipaka mpaka katikati ya vidole.

Sasa, kwa Bi Kiboko hakuna anayegusa chakula kabla ya kunawa. Yeye mwenyewe humimina maji na kupapasa viganja. Kiganja kikavu maana yake umekataa maji ya mwenyeji, na hayo ni matusi makubwa.

"Karibu, Baba Fisi. Nawa."

Akamimina birika. Akapapasa. Pakavu.

"Hujanawa."

"Nimenawa, mama."

Akaleta ndoo. Pakavu. Mara ya tatu akamtumbukiza mtoni mzima mzima. Fisi akaibuka na vumbi lake la jana mgongoni.

"Baba Fisi, nimekukosea nini?" Bi Kiboko akauliza, machozi yakimlenga.

"Hujanikosea, mama. Pilau linanukia, njaa imenifika masikioni."

"Mkono mkavu hauli kwangu."

Pilau la nyama gani? Msiniulize, mimi sikualikwa.

Fisi akakimbia kwa Nyegere. "Niondolee nta hii, nakufa njaa."

"Tumia maji ya moto, jivu na mchanga. Lakini nikune kwanza."

Akamkuna. Kisha akajisugua, akajisugua, akajisugua, mpaka miguu ya nyuma ikafupika. Mtazameni hata leo.

Akarudi harusini anatiririka maji. Sinia lilikuwa limebaki na mifupa tu. Bi Kiboko akapapasa viganja vyake, akafurahi kweli kweli.

"Sasa umelowa vizuri. Karibu mifupa, baba."

Fisi akaitafuna yote, huku akicheka na kulia kwa pamoja. Mkisikia sauti ile porini, ni harusi hiyo anaikumbuka.

Nanyi sikieni. Kinga paa lako, kinga mkeka wako. Lakini ukijikinga na kila kitu, hata anayetaka kukukaribisha hatakupata.

Imelowa?

Imekauka!

Basi chakula chetu hamtakigusa. Leteni viganja hapa, niwamiminie. Imelowa?

Imelowa!

Haya, tukaleni.